Dume bandani, mhimilishaji wa kuitwa au mtungi wako: ulinganisho kwa mfugaji wa Dar es Salaam

Mwenye ng'ombe wanne Chanika na mwenye ishirini Kigamboni huuliza swali moja: niendelee na dume, au nianze uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mbegu za dume zilizogandishwa? Wengi huanza kulinganisha bei ya mrija wa mbegu na gharama ya dume. Sisi tunashauri uanze na jambo jingine: nani yupo bandani saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri? Katika hali ya hewa ya Pwani ng'ombe wengi huonyesha joto usiku, na huwaishia mapema. Dume hahitaji kuambiwa. Mrija unahitaji mtu aone, apige simu, na mtaalamu afike kabla muda haujapita. Kama mtu huyo hayupo, mbegu bora kuliko zote haitakupa ndama.

(Katika makala haya "joto" ni hali ya jike kuhitaji dume. Joto la hewa tutaliita hari.)

Dume na mrija

Dume wa kilo 500 hula chakula kikavu cha asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 10 hadi 12. Ukimpa mabingobingo mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, inakuwa kilo 50 hadi 60 kila siku. Kwa anayenunua majani kwa mzigo wa pikipiki huko Goba au Mbezi, hizo ni zaidi ya tani 18 kwa mwaka za mnyama asiyekamuliwa. Dume aliyekomaa anamudu majike 25 hadi 30. Mwenye majike watano anamlisha mwaka mzima kwa kazi ya siku chache, tena katika uwanja uliobanwa na nyumba za majirani na watoto wanaopita.

Hata hivyo dume ana sifa moja ambayo haina mbadala: joto halimpiti. Mwenye kundi linalochungwa Mkuranga au Kisarawe, ambako wachungaji wanabadilika kila mara na hakuna anayeandika chochote, anaweza kupata ndama wengi zaidi kwa dume mzuri aliyepimwa kuliko kwa mbegu za dume bingwa wa ng'ambo.

Mkazo uko kwenye neno "aliyepimwa". Dume wa kuazima mtaani hupanda majike wa mabanda mengi na kubeba maradhi kutoka banda hadi banda. Brusela hutupisha mimba, mara nyingi kuanzia mwezi wa tano kwenda juu, na huambukiza watu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma bila glavu. Trikomona na vibrio, vijidudu vya magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, zinakaa kwenye govi la dume bila yeye kuonyesha dalili yoyote. Utaziona kwa majike tu: wanarudi kwenye joto kwa siku zisizoeleweka, mimba changa zinapotea, mwingine anatoa usaha. Brusela hupimwa kwa damu, na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wana makao yao Temeke, kwa hiyo mfugaji wa Dar hana safari ndefu. Trikomona na vibrio hazionekani kwenye damu. Daktari wa mifugo huchukua majimaji ya kusuuzia govi na kuyapeleka maabara. Ukiambiwa "dume huyu amepimwa", uliza amepimwa nini.

Jambo la pili ni undugu. Tangu dume apande jike wa kwanza hadi binti yake wa kwanza awe tayari kupandwa ni miezi 9 ya mimba na kama miezi 18 ya kukua, jumla miezi 27. Ikifika hapo dume aondoke, la sivyo atapanda watoto wake mwenyewe. Wafugaji wengi wa mjini humwacha miaka minne au mitano kwa sababu "bado ana nguvu", kisha wanashangaa ndama kuwa dhaifu na maziwa kushuka.

Mrija unaondoa matatizo hayo yote mawili. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, hufuga madume waliokaguliwa afya, huvuna mbegu na kuzigandisha. Mwaka huu unaweza kutumia dume huyu, mwakani mwingine, bila kumlisha hata mmoja. Udhaifu wake ni kwamba kazi iliyokuwa ya mnyama mmoja sasa imegawanywa kwa mnyororo wenye pete nne: mbegu zilivyotunzwa, joto lilivyoonekana, saa ya kuhimilisha, na mkono wa mhimilishaji. Pete hizi huzidishana, hazijumlishwi. Tuchukulie kila moja imefanyika vizuri kwa asilimia 90: ukizidisha zote nne unabaki na asilimia 66. Kila moja ikiwa 70, unabaki na asilimia 24. Hapo hujamhesabu ng'ombe mwenyewe na kizazi chake. Ndiyo maana wafugaji wawili wa mtaa mmoja, wenye mhimilishaji mmoja na mbegu za dume mmoja, hupata matokeo yaliyo mbali kama mbingu na ardhi.

Kuliona joto

Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21 kwa wastani, kati ya 18 na 24. Joto lenyewe kwa ng'ombe wa kigeni kwenye nchi za baridi huchukua saa 12 hadi 18. Kwa zebu (ng'ombe wa asili wenye nundu) na chotara kwenye hari ya Dar linaweza kuwa saa 10 au pungufu. Yai hutoka saa 24 hadi 30 tangu joto lianze, na mbegu zinahitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla ya kuwa tayari kulirutubisha. Hapo ndipo inapotoka kanuni inayotumika kote: aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ileile, aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi.

Dalili ya kuaminika ni moja tu: anapandwa na mwenzake na anasimama tuli. Anayempanda mwenzake anaweza kuwa kwenye joto au asiwe. Dalili nyingine husaidia kukuweka macho: ute angavu unaoning'inia kama ute wa yai bichi, uke uliovimba na kuwa mwekundu ndani, kulia bila sababu, kukojoa kidogo kidogo, manyoya ya juu ya mkia kuvurugika, maziwa kupungua ghafla. Ukiona damu kidogo imekaukia mkiani, joto limeshapita siku moja hadi tatu. Usiite mtu. Andika tarehe, na kuanzia siku ya 17 mbele yake anza kulala jicho moja wazi.

Banda la Dar lina shida yake. Ng'ombe wawili wamefungwa kila mmoja kwenye chumba chake nyuma ya nyumba Tabata, sakafu ya saruji iliyolowa inateleza. Hana wa kumpanda wala hathubutu. Mfugaji anasema "huyu haingii joto", kumbe anaingia kila baada ya wiki tatu na hakuna nafasi ya kuonyesha. Mtoe pamoja na mwenzake kwenye mchanga mkavu kwa dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa siku: saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kukamua, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku. Usimwangalie wakati wa kulisha, kwa sababu mwenye njaa huangalia hori. Mwenye ng'ombe mmoja tu atategemea ute, sauti na maziwa, na kwake daftari ndilo kila kitu.

Daftari la kurasa 40 linatosha: jina la ng'ombe, tarehe aliyozaa, tarehe za joto hata yale ambayo hukuhimilisha, tarehe ya kuhimilishwa na saa, namba ya dume. Anza kuliandika miezi miwili kabla ya kumwita mhimilishaji kwa mara ya kwanza. Ukiweza kukamata joto mbili mfululizo za ng'ombe mmoja kwa tarehe zinazopishana siku 18 hadi 24, uko tayari. Ukishindwa, hujawa tayari, na pesa ya mbegu itapotea. Kila joto linalokupita ni siku 21 za kulisha ng'ombe asiye na mimba. Anayekula kilo 3 za pumba na mashudu kwa siku amekula kilo 63.

Wa kuitwa, au mtungi wako mwenyewe?

Kwa mwenye ng'ombe mmoja hadi kumi na tano, mhimilishaji wa kuitwa ndiye chaguo letu, na hatuoni sababu ya kusitasita. Ananunua naitrojeni (kimiminika cha baridi kali cha kuhifadhia mbegu) yeye, anatunza mbegu yeye, na mkono wake una mazoezi kwa kuwa anahudumia mabanda mengi. Kasoro yake ni barabara. Anayetoka Kibaha kuja Mbagala, au anayetoka mjini kuvuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni ndani, hawezi kukuahidi dakika. Kwa hiyo mpigie simu mara tu uonapo joto, hata kama muda wa kuhimilisha bado: ukimwona ng'ombe saa kumi na mbili asubuhi, piga saa hiyohiyo ili akupange jioni. Ukingoja mchana atakuwa ameshapangwa na wengine. Kuwa na namba za wahimilishaji wawili. Uliza kama wameandikishwa na Baraza la Veterinari, na kubaliana mapema bei ya kurudia endapo ng'ombe atarudi kwenye joto.

Mtungi wako mwenyewe wa kuhifadhia mbegu ni hesabu nyingine kabisa. Mbegu zinakaa ndani ya naitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Naitrojeni hiyo hupungua kila siku hata usipofungua, na ikiisha hakuna dalili mbeguni: mrija uliokufa unafanana kabisa na ulio hai. Mtungi mdogo wa lita 3 unahitaji kujazwa kila baada ya wiki chache. Mitungi ya lita 20 na zaidi hukaa miezi, kutegemea ilivyoundwa na inavyofunguliwa. Kipimo ni fito ya mbao au rula nyeusi ya plastiki: izamishe hadi chini, itoe, ipunge hewani, soma pale ukungu mweupe ulipofika. Andika kila wiki. Kipimo kikishuka haraka kuliko kawaida, au ukiona jasho na barafu shingoni mwa mtungi kwa nje, ombwe lililo kati ya kuta zake limevuja. Hamisha mbegu siku hiyohiyo, kesho utakuwa umechelewa.

Mtungi huuawa na usafiri zaidi. Ukianguka kutoka kwenye bodaboda, shingo ya ndani inapasuka na huwezi kuiona. Ufungwe wima ndani ya kreti yenye sponji. Kwenye gari vioo viwe wazi: lita moja ya naitrojeni ikigeuka hewa huwa karibu lita 700, inasukuma nje oksijeni unayovuta, na huisikii harufu. Chumba cha kuhifadhia kiwe na madirisha.

Kisha kuna mkono. Fimbo ya kuhimilishia lazima ipite pete tatu au nne za shingo ya kizazi huku mkono mwingine ukiwa ndani ya njia ya haja kubwa, umeishika shingo hiyo na kuivuta kuelekea kwenye ncha ya fimbo. Ni ujuzi unaopotea usipotumika. Kundi la ng'ombe 60, kila mmoja akihitaji huduma kama mbili kwa mwaka, linampa mhimilishaji wa ndani kazi 10 kwa mwezi, nazo zinatosha kuuweka mkono mwepesi. Kundi la ng'ombe 15 linampa mbili au tatu tu. Kwa hiyo mtungi unawafaa wafugaji wa eneo moja walioungana, mathalani mabanda kumi ya Pugu na Chanika wenye mtu mmoja aliyesomea kazi hiyo na ratiba ya kujaza naitrojeni inayoeleweka. Kituo cha uhimilishaji cha Kanda ya Mashariki kiko Kibaha, na ni jirani zaidi na Dar kuliko Usa River. Mfugaji mmoja kununua mtungi kwa sababu amechoka kusubiri mhimilishaji ni kununua tatizo kubwa kuliko alilokuwa nalo.

Dakika tano za kumtazama anayehimilisha

Huhitaji kuwa mtaalamu kujua kama kazi inafanywa sawasawa. Andaa kibano imara cha mbao chenye kivuli, ndoo mbili za maji safi na sabuni, na umfunge ng'ombe nusu saa kabla ili atulie. Aliyekimbizwa uwanjani ana homoni za woga zinazopingana na kazi ya kizazi.

Kisha tazama mikono ya mtaalamu. Kikopo cha mbegu hakipaswi kutoka nje ya shingo ya mtungi. Hunyanyuliwa hadi chini kidogo ya mdomo, mrija huchomolewa kwa kibanio ndani ya sekunde chache, kikopo hurudishwa. Akikinyanyua juu kabisa huku akisoma namba moja baada ya nyingine, anaua hata mbegu za jirani zako, kwa sababu mirija iliyobaki inapata hari na kuganda upya bila utaratibu. Anayejua anajua kikopo kipi kina dume yupi kabla ya kufungua.

Mrija hutumbukizwa moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, sekunde 30 hadi 45. Maji ya kukisia kwa kidole, au mrija wa kuwekwa kwapani au mdomoni, hapana. Akiutoa aufute hadi ukauke kabisa. Tone moja la maji likiingia linapasua mbegu, kwa kuwa maji matupu hayana chumvi iliyolingana na yao. Akate ncha iliyozibwa, mkato ulionyooka. Ukikatwa mshazari mrija hauketi vizuri kwenye ganda la plastiki linalovikwa fimbo, na mbegu zinavuja kurudi nyuma zibaki kwenye ganda.

Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi na vinasisitiza kupasha fimbo moto. Dar tatizo ni kinyume chake. Fimbo ya chuma iliyokaa juu ya tangi la pikipiki saa nane mchana inawaka, na mbegu zinazopakiwa humo hufa bila mtu kujua. Iguse kwa ndani ya kifundo cha mkono. Ikikuunguza, na mbegu zitaungua. Baada ya kuyeyushwa, mbegu zitumike ndani ya dakika 15, na mrija mmoja uyeyushwe kwa ng'ombe mmoja. Kuyeyusha mitano kwa pamoja kwa sababu kuna ng'ombe watano ni kosa tunaloliona mara nyingi kwenye siku za kuhimilisha makundi.

Uke ufutwe ukauke. Fimbo iingie ikielekea juu kwa mshazari, kwa sababu chini mbele kuna tundu la njia ya mkojo, kisha inyooshwe. Mbegu ziachwe mara tu baada ya pete ya mwisho, polepole, kwa kuhesabu hadi tano. Anayesukuma fimbo mbali hadi kwenye pembe moja ya kizazi anaweza kuchubua ukuta, au kuacha mbegu upande ambao yai halipo. Akikuta shingo imefungwa na ute mzito unaonata kama gundi, asilazimishe: huenda ng'ombe ana mimba. Wapo wenye mimba wanaoonyesha dalili za joto, na fimbo ikipenya mimba hiyo hutoka.

Akimaliza, muombe mrija mtupu na uubandike kwa gundi ya karatasi kwenye daftari, mbele ya tarehe. Umechapwa namba ya dume, aina yake na kituo. Miaka miwili mbele, ndama huyo akiwa mtamba (jike ambaye hajazaa bado), mrija huo ndio utakaokuambia dume gani usimrudie.

Kusubiri joto au kulileta kwa sindano

Sindano za homoni hulinganisha joto za ng'ombe wengi ili mhimilishaji aje siku moja. Kwa kundi la ng'ombe kumi lililo mbali ni msaada mkubwa. Kwa ng'ombe wawili wa nyuma ya nyumba, daftari ni rahisi na halina madhara.

Njia nyepesi ni prostaglandini mara mbili, zikipishana siku 11 hadi 14. Dawa hii hufanya kazi tu kama kwenye ovari kuna mwili wa njano (kivimbe kinachobaki pale yai lilipotoka), takriban kati ya siku ya 6 na ya 17 ya mzunguko. Sindano moja itawakuta baadhi na kuwakosa wengine, ya pili inawakusanya. Joto huja siku 2 hadi 5 baadaye, kwa hiyo bado unatakiwa kuangalia. Njia nzito haihitaji kuangalia joto: siku ya 0 sindano ya GnRH (homoni inayochochea yai kutoka), siku ya 7 saa mbili asubuhi prostaglandini, siku ya 9 saa kumi jioni GnRH tena, siku ya 10 kati ya saa mbili na saa nne asubuhi kuhimilisha. Ukikosea saa, umeharibu yote.

Tahadhari mbili hazina mjadala. Kwanza, prostaglandini hutoa mimba, kwa hiyo kila ng'ombe apimwe mimba kabla. Hata yule ambaye una hakika hajapandwa apimwe, maana dume wa jirani haombi ruhusa. Pili, dawa hupenya kwenye ngozi ya mtu: mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa, na wengine wavae glavu.

Na kuna watakaokuambia sindano itamtibu ng'ombe "asiyeingia joto". Kama ni mkondefu, mbavu zinahesabika na anakamuliwa bila mashudu wala madini, ovari zake zimelala, na prostaglandini haina cha kuishika. Chakula ndiyo dawa yake, kwa wiki nane au zaidi.

Mbegu ya aina gani

Friesian safi anapendwa kwa jina la maziwa mengi, lakini Dar anahema tangu saa nne asubuhi. Hari humpunguzia hamu ya kula, hufupisha joto na kuua mimba changa za wiki ya kwanza. Kwa banda la kawaida, lisilo na feni wala bomba la kumwagia maji, tunapendekeza chotara wa kati ya nusu na robo tatu ya damu ya kigeni. Aliye na boran au zebu akihimilishwa kwa Friesian anazaa nusu kwa nusu. Binti huyo akirudiwa na Friesian anazaa robo tatu. Hapo ndipo pa kusimama, au kugeukia Jersey.

Jersey tunampa uzito zaidi kuliko anavyopewa mtaani. Mwili ni mdogo, anakula kidogo, anavumilia hari kuliko Friesian, maziwa yana mafuta mengi, na ndama wake ni mdogo, kwa hiyo mtamba wa zebu anayezaa kwa mara ya kwanza hapasuki. Kumhimilisha mtamba mdogo wa asili kwa Friesian mkubwa ni kutafuta uzazi wa kuvuta kwa kamba usiku wa manane. Kasoro ya Jersey ni ndama dume: mnada wa mifugo wa Pugu haumlipi. Kama ng'ombe wako wameshapita robo tatu na hawakumudu, Sahiwal, zebu wa maziwa kutoka Bara Hindi, hurudisha uvumilivu bila kuua maziwa yote. Mpwapwa, aina iliyotengenezwa hapa nchini kule Dodoma, naye anafaa kwa mwenye malisho duni.

Mbegu zilizochambuliwa jinsia hutoa ndama jike kwa takriban asilimia 90. Lakini mrija una mbegu chache mno, mara nyingi kama milioni 2 badala ya milioni 15 hadi 20, nazo zimechoshwa na uchambuzi, kwa hiyo mimba hushika kwa kiwango cha chini kuliko za kawaida. Zitumie kwa mitamba wenye afya walioonekana joto kwa macho. Ng'ombe mzee, aliyewahi kurudi mara mbili, au anayehimilishwa Januari kwenye hari, mpe za kawaida.

Nani aanze, na mwezi gani

Chagua wawili au watatu wa mwanzo. Ng'ombe aliyezaa awe amepita siku 60, hakubakiza kondo la nyuma zaidi ya siku moja, ute wake hauna usaha, na yuko kwenye hali ya kati, mbavu zinagusika lakini hazionekani zote. Mtamba apimwe kwa utepe wa kifua, umri pekee hautoshi: afike asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa utu uzima, yaani kilo 270 hadi 290 kwa chotara atakayefikia 450.

Mwezi una maana kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya Desemba na Machi hari na unyevu vinabana, mimba hazishiki vizuri. Juni hadi Septemba usiku ni wa baridi, na huo ndio msimu wa kuanza. Anayehimilishwa tarehe 10 Julai, kwa mimba ya siku 283, atazaa tarehe 19 Aprili, katikati ya masika. Majani yatakuwepo tele. Matope pia, kwa hiyo sakafu ya banda na chuchu zitahitaji uangalizi wa ziada dhidi ya ugonjwa wa kiwele. Kama lazima uhimilishe kwenye hari, fanya kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, mwagie ng'ombe maji mchana kwa wiki nzima ya baada yake, na maji ya kunywa yasikauke horini. Anayekamuliwa anaweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku.

Baada ya hapo hesabu siku. Akirudi kwenye joto siku ya 18 hadi 24, mimba haikutunga, na mara nyingi kosa ni la saa au la mbegu. Akirudi siku ya 10, huenda joto la kwanza halikuwa joto. Akirudi siku ya 30 hadi 50, huenda mimba ilitunga ikafa: tazama hari, tazama chakula, na kama wako zaidi ya mmoja pima maradhi. Aliyenyamaza siku 24 si lazima awe na mimba. Apimwe kwa mkono siku ya 60, au kwa mashine ya picha kuanzia siku ya 30. Ng'ombe aliyehimilishwa mara tatu kwa wakati sahihi bila mimba, mwite daktari wa mifugo akague kizazi kabla ya kununua mrija wa nne.